HAKUNA REFU LISILO NA NCHA

Ndugu wafanyakazi,

Tangu Juni 2024, vijana walipopigwa risasi Nairobi kwa kupinga Mswada wa Fedha, twasikia maneno ya namna mbili kazini. Wengine wasema: nchi imekwisha, chama hakifai kitu, tuache kulipa ada. Wengine wasema: tunyamaze mpaka uchaguzi. Sisi watu wa reli tutokao Meru na Embu twaona maneno yote mawili hayafai.

Tukumbuke ya wazee wetu. Tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, askari waliuzingira mji wa Nairobi. Waliotafutwa ni Wakikuyu, Waembu na Wameru. Zaidi ya 20,000 walitiwa kizuizini, na wengi walipelekwa kwa gari la moshi mpaka Mackinnon Road na Manyani. Vyama vya wafanyakazi vilipoteza watu wengi kwa siku chache tu.

Je, vyama vilikufa? La. Waliobaki walishika kazi. Machi 1955, Hali ya Hatari ingali ipo, makuli wa bandari ya Mombasa waligoma, wakaongezewa mshahara. Naye Makhan Singh, aliyetaka uhuru hadharani mwezi Aprili 1950, alikamatwa mwezi uliofuata, akazuiliwa zaidi ya miaka 11. Lakini uhuru ulikuja, 12 Desemba 1963.

Hatusemi kwamba subira haina hasara. Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa watu 5,228 walioteswa enzi zile. Wenzao wengi walikuwa wamekwisha kufa. Na hao waliolipwa hawakulipwa kwa kungoja tu. Walisimama wakatoa ushahidi, na karatasi za serikali zilizokuwa zimefichwa Uingereza zikafichuliwa.

Basi kuangalia mbali si kulala. Ni kazi ya kila siku, nayo ni hii:

Kwanza, tulipe ada katika mwezi mwema na mwezi mbaya. Chama kilichovunjika hakijengwi kwa siku moja.

Pili, tuandike. Mtu akikatwa mshahara bila sababu, akinyimwa ovataimu au akipigwa, aandike jina, siku na mahali, kisha ampe mwakilishi. Maneno ya mdomo husahauliwa.

Tatu, tusigawanywe. Huko kwetu wengine waliingia msituni, wengine wakawa Homugadi, hata ndugu wa nyumba moja. Uchungu ule ulidumu kuliko vita vyenyewe. Leo wanasiasa wakituita watu wa mlima wa mashariki na watu wa mlima wa magharibi, tuwajibu kwamba makato ya mshahara hayaulizi mtu ametoka upande gani.

Viongozi huja na kwenda. Chama kibaki.

Umoja ni nguvu.