Bangi Katika Begi la Msafiri: Ni Sheria ya Nchi Ipi Itakayomhukumu?

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo ya parokia ninayotumikia alinisubiri mlangoni pa sakristia. Mwanawe anaishi Kanada, na alikuwa akijiandaa kuja nyumbani kumwona babu yake, mzee ambaye magoti yamemsumbua kwa muda mrefu hata sasa tunampelekea Komunyo nyumbani. Kijana alikuwa amemwahidi babu kumletea mafuta ya kuchua pamoja na vidonge laini mithili ya pipi, ambavyo huko huuzwa dukani kwa risiti na husifiwa kwa kutuliza maumivu. Vimetengenezwa kwa bangi. "Padre," akaniuliza mama, "kama serikali ya kule imeruhusu, na yeye anamletea mzee dawa, kuna ubaya gani?"

Sikumjibu siku ile. Seminarini tulifundishwa sheria ya asili na sheria za Kanisa. Sheria za forodha hazikuwamo. Nilimwomba wiki moja nikasome na kuuliza. Niliyoyakuta yalinishtua kidogo, nami nayaandika hapa kwa sababu parokia yetu iko kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, na karibu kila familia hapa ina mtu aliye safarini: dereva wa lori, mfanyabiashara wa Zambia, binti aliyeko Uarabuni, kijana aliyeko Afrika ya Kusini au ng'ambo.

Ni kweli kwamba Kanada iliruhusu matumizi ya bangi kwa watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018. Mtu mzima anaweza kutembea hadharani na gramu 30 za bangi kavu, na hata kupanda nazo ndege kutoka mji mmoja wa nchi hiyo kwenda mwingine. Lakini sheria ileile iliyomruhusu kununua inamkataza kuvuka nayo mpaka, awe anatoka au anaingia, awe na cheti cha daktari au asiwe nacho, na hata kama nchi anakokwenda nayo imeruhusu bangi. Adhabu ya juu ya kuitoa au kuiingiza bila kibali ni kifungo cha miaka 14. Kwa hiyo yule kijana angekuwa amevunja sheria ya Kanada kabla hajakanyaga Tanzania. Hilo ndilo mama hakulijua, na nadhani hata kijana mwenyewe hakulijua, maana risiti ya dukani haisemi habari za mipaka.

Sababu yake ni ya zamani. Mataifa karibu yote ya dunia, Kanada na Tanzania zikiwamo, yamefungwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya. Mkataba huo unataka kila shehena ya dawa za namna hiyo inayovuka mpaka iwe na kibali cha nchi inakotoka na kibali cha nchi inakokwenda. Desemba 2020 tume husika iliyoko Vienna iliiondoa bangi katika orodha ya dawa za hatari kupita zote, kwa kutambua kwamba ina matumizi fulani ya tiba. Wengi walidhani imefunguliwa mlango. La hasha. Iliachwa chini ya udhibiti uleule wa mipaka. Ruhusa ya nchi, basi, huishia pale ardhi ya nchi inapoishia.

Kwetu sisi wa kusini jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa habari zimeenea vijiweni kwamba "majirani wameruhusu". Bunge la Malawi lilipitisha sheria ya bangi mwaka 2020, na Zambia ikafuata mwaka 2021. Lakini kilichoruhusiwa ni kilimo na biashara ya tiba na viwanda kwa wenye leseni. Mkulima wa kawaida au abiria wa basi hakupewa chochote. Rwanda nayo ilikubali mwaka 2020 uzalishaji wa bangi kwa ajili ya dawa za kuuzwa nje, huku matumizi ya wananchi yakibaki marufuku. Afrika ya Kusini imekwenda mbali zaidi. Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima asiadhibiwe kwa kutumia bangi faraghani, na Mei 2024 Rais Ramaphosa alitia saini sheria ya kuthibitisha hilo. Hata hivyo, hata huko kuuza kumebaki kosa, sembuse kupakia kwenye basi la kurudi nyumbani. Kijana aliyezoea kuvuta mbele ya nyumba yake Johannesburg bila kubughudhiwa anaweza kupitia nchi mbili tatu njiani, kila moja na sheria yake, kabla ya kufika Tunduma.

Naye akifika Tunduma anakutana na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyorekebishwa mwaka 2017. Naomba msomaji asome taratibu hapa. Tunaposikia neno "biashara ya dawa za kulevya" tunamfikiria tajiri mwenye magari na walinzi. Sheria haimfikirii huyo peke yake. Katika tafsiri yake, biashara hiyo ni pamoja na kuingiza nchini, kutoa nje, kusafirisha, kuhifadhi, kumpelekea mtu, na hata kumpa. Hakuna ulazima wa kuuza wala kupata faida. Zawadi kwa babu inaingia humo. Kwa kiasi kidogo kosa hilo hubeba kifungo cha miaka 30, na kwa kiasi kikubwa, kifungo cha maisha. Sheria hii ni ya Tanzania Bara; Zanzibar ina sheria yake na mamlaka yake, kwa hiyo anayepanda boti Dar es Salaam kwenda Unguja asidhani kwamba hakuvuka kitu kwa vile hakuonyesha pasipoti.

Nakiri kwamba adhabu hizi hunitia uzito moyoni. Katika huduma ya magereza nimekaa na vijana waliobeba mfuko wa mtu kwa malipo ya kununulia chakula cha siku mbili. Mmoja alikuwa konda. Watakapotoka, wazazi wao watakuwa wamezikwa. Mwenye mfuko sijamkuta humo hata mara moja. Mtu anaweza kuipenda nchi yake, akaheshimu sheria zake, na bado akauliza kama mizani inapima sawasawa. Lakini swali hilo ni la bungeni na la mahakamani; anayefungua begi lake mbele ya afisa wa forodha hana nafasi ya kuliuliza.

Kuna hatari nyingine ambayo wasafiri wetu wengi hawaioni, nayo ni nchi ya kupitia. Ndege nyingi za kutoka Dar es Salaam na Kilimanjaro huunganisha Dubai, Doha, Addis Ababa au Istanbul. Abiria husema, "Mimi napita tu." Mwaka 2008 Mwingereza mmoja aliyekuwa akipita Dubai kurudi kwao alihukumiwa miaka minne baada ya chembe ya bangi kukutwa imenata kwenye soli ya kiatu chake, uzito wake ulikuwa gramu 0.003, chini ya punje moja ya mchele. Tangu Januari 2022 Falme za Kiarabu zimelegeza sheria kwa mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza na vyakula au vinywaji vyenye kemikali ya bangi kwa matumizi yake: vitu hivyo huchukuliwa na kuteketezwa. Ni huruma yenye mipaka myembamba, wala haimhusu binti zetu anayefanya kazi huko na kukutwa ametumia. Saudi Arabia, ambako wengi wao huenda, huadhibu usafirishaji wa dawa za kulevya hata kwa kifo, na Novemba 2022 ilirudia kutekeleza hukumu za namna hiyo baada ya kuzisitisha kwa muda. Singapore huadhibu kwa kifo usafirishaji wa bangi inayozidi gramu 500.

Wasiopenda mifano ya watu wasiojulikana wamkumbuke Brittney Griner, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani mwenye medali za Olimpiki. Februari 2022 alikamatwa katika uwanja wa ndege karibu na Moscow akiwa na mafuta ya bangi yasiyofika hata gramu moja. Alikuwa na barua ya daktari kutoka jimbo la Arizona. Alieleza mahakamani kwamba alifunga mizigo kwa haraka na hakukusudia kuvunja sheria, na kwamba alitakiwa kutia saini karatasi za lugha asiyoijua. Agosti mwaka huo alihukumiwa miaka tisa. Alirudi nyumbani Desemba kwa sababu nchi yake ilikubali kumwachia mfungwa mashuhuri kwa kubadilishana naye. Mtoto wa mkulima wa Mbozi hana mtu wa kubadilishwa naye.

Na Marekani kwenyewe? Majimbo 24 yameruhusu matumizi ya starehe kwa watu wazima, lakini sheria ya shirikisho inakataza, na anga na mipaka ni ya shirikisho. Raia huko mara nyingi hupita bila madhara. Mgeni ni habari nyingine. Mtanzania mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu ambaye amewahi kupatikana na hatia mara moja tu, kwa bangi isiyozidi gramu 30 ya matumizi yake, halazimiki kufukuzwa kwa kosa hilo akiwa ndani ya nchi. Akija kwetu kwa mazishi ya mama yake kisha akarudi, anaweza kuzuiwa uwanja wa ndege kwa kosa lilelile, kwa maana msamaha ule wa gramu 30 haupo kwa anayeomba kuingia. Tangu Aprili 2019 idara ya uhamiaji imesema wazi pia kwamba kutumia bangi au kufanya kazi katika biashara yake, hata pale jimbo lilipoiruhusu, kunaweza kumkosesha mtu uraia. Wenye ndugu huko wawaambie hili kabla hawajakata tiketi, na wamtafute mwanasheria wa uhamiaji mapema.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, inahesabu matumizi ya dawa za kulevya kuwa kosa kubwa, isipokuwa kwa sababu za tiba zilizo dhahiri. Kanisa, basi, halimhukumu mgonjwa anayetibiwa kwa haki. Lakini tiba ina mlango wake: daktari, dawa iliyosajiliwa na kibali cha mamlaka ya nchi anakoingia nayo, kilichoombwa kabla ya safari. Barua ya daktari wa ng'ambo pekee haitoshi, kama tulivyoona.

Ninalohofia zaidi si bangi mtu anayoijua ndani ya begi lake. Wasomaji wa Maandiko wanaikumbuka sura ya 44 ya kitabu cha Mwanzo: ndugu za Yosefu wanatoka Misri na nafaka yao, msimamizi anawafuata, magunia yanafunguliwa kuanzia la mkubwa hadi la mdogo, na kikombe cha fedha kinapatikana katika gunia la Benyamini. Benyamini hakukiweka. Kikombe kilikuwa humo, na gunia lilikuwa lake. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi nikimtazama Yosefu. Tangu nianze kwenda magereza namtazama Benyamini. Yule alikuwa na Yuda wa kumsimamia, tena aliyemjaribu alikuwa ndugu yake mwenye mapenzi mema.

Kwa hiyo nawaambia vijana wanaosafiri, hasa mabinti wanaopelekwa Uarabuni na mawakala: funga begi lako mwenyewe, lifunge kwa kufuli, usilipe mgongo. Usibebe kifurushi cha mtu usiyemjua. Cha unayemjua kifunguliwe mbele yako, hata kama ni cha shangazi, hata kama ni unga wa uji, atakayenuna atapoa. Ukikamatwa ugenini, omba ubalozi wa nchi yako ujulishwe. Ni haki iliyomo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963. Usitie saini maandishi usiyoyaelewa. Na familia isikae kimya kwa aibu: iende Wizara ya Mambo ya Nje, ije na parokiani. Aibu imewaacha wengi bila mtu wa kuwafuatilia.

Wiki ilipotimia mama alirudi, nikamweleza. Alinyamaza, kisha akatoa simu akampigia mwanawe palepale kwenye benchi la nje ya ofisi, kule kukiwa bado alfajiri. Nilimsikia akisema, "Acha huko huko, baba. Njoo wewe tu." Kijana alikuja na bandeji za magoti na fimbo nzuri ya kutembelea, na kabla hajaondoka alimpeleka mzee hospitali ya rufaa kupigwa picha ya magoti, jambo ambalo sisi wengine tuliokuwa karibu naye miaka yote hiyo hatukuwa tumelifanya.