Kanzu na Masizi
Ramadhani moja niliingia Msikiti wa Kongo, Diani, pale Mto Mwachema unapokutana na bahari. Msikiti huo wa mawe ya matumbawe ulitangulia hoteli zote za pwani hii kwa karne kadhaa. Kanzu yangu pasi tupu. Nikijiona wa safu ya mbele. Baada ya futari mzee mmoja akanisukumia sufuria ya uji: "Mwanangu, hebu nisugulie." Nikatafuta udhuru. (Paji la uso linagusa chini kila siku, shingo bado ngumu!) Mtume alishona viatu vyake mwenyewe, kasimulia Bi Aisha, mimi nakimbia masizi? Nikakunja mikono, nikachota mchanga, nikashika kumbi la nazi. Sufuria ya kwanza niliisugua nimenuna. Ya tatu, nilikuwa nauliza zimebaki ngapi. Doa la kanzu halijatoka mpaka leo.