Adhabu Nje ya Gereza Haisimamiwi kwa Barua Tupu

Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 iliipa mahakama njia ya pili ya kumwadhibu mkosaji mdogo. Mtu ambaye angestahili kifungo kisichozidi miaka 3 anaweza, badala ya kupelekwa gerezani, kuamriwa kufanya kazi ya umma bila malipo huko huko anakoishi: kusafisha zahanati, kupanda miti, kutengeneza barabara au kukarabati madarasa. Akiivunja amri hiyo, hurudishwa mbele ya hakimu na anaweza kupewa adhabu nyingine.

Shabaha ya sheria hiyo ni njema. Kijana aliyeiba kuku watatu, akifungwa miezi 6, huenda akalala ubavuni mwa majambazi sugu na kutoka huko akiwa amehitimu. Shamba lake hubaki pori, wanawe huachwa mikononi mwa babu na bibi, na Serikali humlisha, humvika na kumlinda kwa kodi ya mkulima yule yule aliyeibiwa. Adhabu ikitumikiwa kijijini, mkosaji hulipa deni lake mbele ya macho ya wale aliowakosea.

Hata hivyo, liko swali ambalo halina budi kujibiwa: ni nani hasa anayeisimamia adhabu hiyo? Afisa wa huduma za uangalizi huchunguza hali ya mkosaji na kumwandikia hakimu taarifa, lakini hawezi kukaa katika kila kijiji cha wilaya. Anayemwona mkosaji kila asubuhi ni mwalimu mkuu, mganga mfawidhi wa zahanati au mtendaji wa kijiji. Hao hupokea barua pamoja na mtu wa kusimamiwa, na wala ualimu, uganga au utendaji waliosomea haukukusudiwa kuwafundisha kazi hiyo.

Mkosaji asipotokea siku mbili, mwalimu afanye nini? Ugonjwa wa mtoto ni udhuru au siyo? Je, apangiwe kazi mahali walipo wanafunzi? Akijikata kwa panga wakati anafyeka uwanja, nani atalipia matibabu? Barua haijibu maswali hayo.

Msimamizi asiyejua mipaka ya madaraka yake hukosea kwa njia mbili. Mmoja humwonea haya jirani yake, akatia sahihi daftari la mahudhurio kwa siku ambazo hapana kazi iliyofanyika. Mwingine humpeleka mkosaji kupalilia shamba lake binafsi. Wa kwanza ameiua adhabu. Wa pili ameirudisha shokoa ambayo wananchi waliikataa tangu enzi za ukoloni.

Hasara yake haiishii hapo. Aliyeibiwa akimwona mwizi wake yuko kilabuni saa nne asubuhi, husema kwamba hakimu amekula rushwa. Siku nyingine akimkamata mwizi hatampeleka kituoni, bali atapiga yowe. Wale wanaoitika yowe hilo magazeti yamezoea kuwaita wananchi wenye hasira kali, na mara nyingi mwisho wa hasira hiyo ni maiti ya mtu ambaye hakupata kusikilizwa.

Nchi hii imekwisha kupata somo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Usukumani na Unyamwezini waliunda Sungusungu ili kuwakabili wezi wa ng'ombe, na walifanya kazi ambayo askari wachache wa wilayani wasingaliiweza. Lakini ushujaa ule, kwa kuwa haukuambatana na mafunzo ya sheria, ulichanganyika na vipigo. Baadhi ya watuhumiwa walipoteza maisha, na wanawake wazee walioshukiwa uchawi walipata mateso. Sheria ya kuyatambua majeshi hayo ya jadi ilipitishwa mwaka 1989, wakati madhara yalikuwa yamekwisha kutokea. Jamii haikukosa ari ya kulinda haki; ilikosa maarifa ya kuitekeleza.

Mataifa yalilitambua jambo hili zamani. Kanuni za Tokyo juu ya adhabu zisizo za kifungo, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 14 Desemba 1990, zinaagiza watumishi wa kazi hii wafundishwe. Zinaagiza pia kwamba wanaojitolea wachaguliwe kwa uangalifu, wafundishwe majukumu yao, wakatiwe bima ya ajali na warudishiwe gharama walizoidhinishiwa. Kwa maneno mengine, kujitolea si kuachiwa mzigo.

Vyombo vya kutoa mafunzo hayo havina haja ya kujengwa upya. Kipo Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo kwa ajili ya watendaji, kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, na ipo Taasisi ya Ustawi wa Jamii jijini Dar es Salaam. Semina ya siku chache yaweza kumfundisha mwalimu mkuu mambo ya lazima: sheria inaruhusu nini na inakataza nini, daftari hujazwa vipi, mkosaji anaonywa kwa namna gani na lini aripotiwe, na aliyekosewa aelezwe nini ili asidhani amedhulumiwa.

Mafunzo bila msaada nayo hayatoshi. Afisa wa uangalizi asiye na usafiri hatafika kijijini. Msimamizi asiye na jembe wala ndoo atamtazama mkosaji akikaa kivulini. Wapo watakaosema fedha hazipo. Lakini fedha za kumlisha mfungwa miezi 6 hupatikana daima, kwa sababu hakuna anayethubutu kumwacha alale njaa. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingefaa ifuate adhabu kule ilikohamia.

Watumishi na walimu wana wajibu wao pia. Anayeletewa mkosaji ana haki ya kuomba maelekezo kwa maandishi na ziara ya afisa kabla ya kazi kuanza, na haifai aone haya kuomba. Jamii imekubali kubeba mzigo uliokuwa wa gereza. Haki yake ni kupewa ngata.