Gari Linapoukataa Ufunguo Wake Baada ya Betri Kufa

Mfanyakazi mmoja wa Nkuhungu, mjini Dodoma, ametuletea barua ndefu yenye machungu. Alikwenda Dar es Salaam kumwuguza mama yake. Alisafiri kwa treni ya umeme, ile iliyoanza safari zake kati ya miji hiyo miwili mwaka 2024, na gari lake, Toyota ndogo iliyotoka Japani ikiwa imekwisha kutumika, akaliacha uani kwa muda wa wiki 3. Aliporudi alikuta betri imekufa kabisa. Jirani akamwazima moto kutoka katika gari lake, taa zikawaka, stata ikazunguka, lakini injini haikushika. Na kwenye dashibodi taa ndogo nyekundu yenye picha ya ufunguo ikawa inakonyeza bila kukoma. Fundi aliyeitwa akatazama kwa dakika chache, akatamka kwamba kontroli boksi imeungua, na kwamba anayo nyingine, iliyotolewa katika gari lililobomolewa, ambayo angeiuza kwa fedha zinazolingana na zile ndugu yetu huyu alizozitenga kwa ajili ya mabati ya nyumba yake. Mkewe anatarajia kujifungua mwezi ujao, naye hapendi kumpeleka hospitali usiku wa manane kwa bodaboda. Anauliza, je, atoe fedha hizo?

Asitoe. Walau asitoe kabla ya kuyapima mambo matatu manne ambayo hayahitaji fedha nyingi, na ambayo nitayaeleza kwa kirefu kwa sababu barua za namna hii si za mtu mmoja. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, nyua za Nkuhungu, Kizota na kwingineko zimejaa magari madogo, na wengi wa wenye magari hayo wana mguu mmoja huku na mwingine pwani. Gari hubaki peke yake siku nyingi, nalo halikuumbwa kwa upweke.

Yafaa kwanza tujue ni kitu gani hiki kinacholikataza gari kuwaka. Mafundi hukiita imobilaiza. Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo mmefichwa chipu ndogo, katika baadhi ya funguo ndogo kama punje ya mchele. Chipu hiyo haina betri. Ufunguo unapoingizwa mahali pake na kuzungushwa, pete ya waya iliyozunguka tundu la swichi hutoa mawimbi hafifu, chipu ikapata nguvu kutokana na mawimbi hayo hayo na kujibu kwa kuitaja namba yake ya siri. Kompyuta ya gari huilinganisha namba hiyo na ile iliyoihifadhi. Zikilingana, ruhusa ya petroli na cheche hutolewa. Zisipolingana, au jibu lisiposikika, ruhusa haitoki. Katika magari mengine stata itazunguka bure, katika mengine injini itashika kwa sekunde moja au mbili na kuzimika, na katika mengine hata stata haitagutuka. Mpango huu ulienea kwa sababu ya wizi. Nchi za Ulaya ziliufanya kuwa sharti la kisheria kwa magari mapya ya abiria mwaka 1998, na viwanda vya Japani navyo vikaufunga katika magari yao mengi, ingawa si yote.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawaambiwi. Namba za siri za funguo zimeandikwa katika kumbukumbu isiyohitaji umeme ili kudumu. Betri ikifa leo na kukaa bila uhai miezi 6, namba zile zitakuwapo vile vile. Vinavyopotea ni vitu vidogo, kama vile saa, stesheni za redio, na mazoea ambayo injini imejifunza ya kunguruma taratibu inaposimama. Basi mtu anapokuambia kwamba gari "limesahau ufunguo" kwa sababu betri iliisha, mwombe akupe sababu nyingine.

Kwa nini basi taa ile inakonyeza? Mara nyingi kuliko mara nyingine, jibu ni umeme mdogo. Betri nzima, iliyopumzika, huwa na kiasi cha volti 12.6. Stata inapovuta, volti hushuka, na katika hali njema hazipungui 9.6. Betri iliyochoka, iliyoamshwa kwa moto wa kuazima wa dakika 2, huweza kuwasha taa na hata kuzungusha stata kwa uzito, lakini wakati huo huo kompyuta hupungukiwa, ikashindwa kumsikiliza mgeni aliye mlangoni. Haikuungua, ina njaa. Ukiona taa za dashibodi zinafifia unapowasha, au ukasikia tak-tak-tak chini ya boneti, usizungumze habari za kontroli boksi kabisa.

Kwa hiyo ndugu wa Nkuhungu aanze hivi. Aifungue betri, kwanza upande wa hasi, na avisafishe vichwa vyake. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota hapo huzuia umeme kupita. Maji ya moto yenye magadi kidogo huuondoa, ila asiyaruhusu kuingia ndani ya betri. Kisha aipeleke ikachajiwe taratibu usiku kucha, wala si kwa nusu saa. Kama ni betri ya kuongezwa maji, atie maji safi ya betri, si ya bomba. Ikiwa baada ya hapo haishiki chaji, betri ndiyo iliyokufa, na fedha zitumike hapo.

Wale wasioweza kungoja, wakaamua kubusti, wafanye kwa adabu. Waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyokufa, uende kwenye chanya ya betri nzima. Mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ifungwe kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa hewa inayoweza kulipuka kwa cheche. Sigara iwe mbali. Gari zima lingurume kama dakika 10 kabla ya kujaribu. Na tafadhali sana, msiazime moto wa lori. Malori makubwa yanayopita barabara ya Singida hutumia volti 24, na gari dogo ni la volti 12. Huko ndiko kontroli boksi huungua kweli, pamoja na redio na taa. Kadhalika kugeuza waya, chanya kwa hasi, huweza kukata fyuzi kubwa au kuharibu zaidi. Kama jirani aligeuza waya siku ile, ndugu yetu amweleze fundi pasipo kuona haya.

Zamani za Peugeot 404 na Land Rover watoto wa mtaa waliitwa wakasukuma, dereva akaachia klachi, safari ikaanza. Gari la gia za kujiendesha halisukumwi likawaka. Mtawachosha watoto bure.

Umeme ukisharudi, afunge milango yote kwa ufunguo wenyewe katika tundu la mlango wa dereva, kisha aifungue. Gari lililofungwa kwa rimoti kabla ya betri kufa hukumbuka kwamba liko lindoni, na umeme unaporudi huendelea na ulinzi wake na kupiga king'ora kana kwamba mwenye mali ni mwizi. Baada ya hapo aweke ufunguo, azungushe hadi taa za dashibodi ziwake bila kuwasha injini, na aitazame ile taa ya ufunguo. Ikizimika, ufunguo umekubaliwa. Ikiendelea kukonyeza, autoe, auondoe ufunguo mwingine wowote wenye chipu uliomo katika pete ile ile, kwa maana funguo mbili zikijibu kwa pamoja gari haliisikii hata moja, kisha ajaribu tena. Usukani ukiwa umekaza, autikise kidogo huku akizungusha ufunguo. Hilo ni komeo la chuma tu.

Bado haikubali? Alete ufunguo wa pili. Ukikubaliwa, gari ni zima na chipu ya ufunguo wa kwanza ndiyo mbovu, na jambo limepungua kutoka bei ya mabati hadi bei ya kuchonga ufunguo. Wengine hukimbilia kubadilisha kibetri cha rimoti. Kwa ufunguo wa kuzungusha kibetri kile ni cha kufungulia milango tu, hakihusiki na imobilaiza. Kwa magari ya kubonyeza kitufe ni tofauti kidogo: kibetri kikiisha, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe, kisha bonyeza. Katika Toyota nyingi za aina hiyo gari litawaka.

Kuna ushauri unaozungushwa na madereva kwamba uache swichi ikiwa imewashwa dakika 10, urudie mara 3, nalo gari litajifunza upya. Ushauri huo una asili: ni utaratibu wa baadhi ya magari ya General Motors ya Marekani. Kwa Toyota ya Nkuhungu hautasaidia kitu zaidi ya kuimaliza ile betri aliyoichaji usiku kucha.

Ikiwa yote hayo yameshindikana, hapo ndipo fundi wa umeme wa magari anapohitajika, yule mwenye mita na mashine ya kusomea makosa. Amwulize volti zilizopo betri ikiwa imetulia, wakati wa stata, na baada ya kuwaka, ambapo zinapaswa kuwa kati ya 13.5 na 14.5. Amwulize pia mashine imesoma namba gani. Toyota zenye tatizo la imobilaiza huonyesha B2799. Fundi wa kweli hachukizwi na maswali hayo. Asiye na mita anabahatisha, na anabahatisha kwa fedha za mwenzake. Asisahau kutaja kama gari lilifungwa king'ora cha dukani au kifaa cha kulifuatilia, maana vifaa hivyo huwa na vikato vyao vya umeme, na tatizo laweza kuwa huko wala si katika mfumo wa kiwandani.

Kuhusu ile kontroli boksi ya gari lililobomolewa, tafakari kidogo utaona kichekesho chake. Imehifadhi namba za funguo za gari jingine. Ikifungwa kama ilivyo, itaukataa ufunguo wa ndugu yetu hata kama gari lake halikuwa na tatizo lolote, na atauziwa tena kazi ya kuioanisha.

Ameuliza vile vile kwa nini betri ife kwa wiki 3 tu. Hesabu ni nyepesi. Gari lililozimwa bado hunywa umeme kidogo kwa ajili ya kompyuta, saa na ulinzi. Tuseme ni milliampea 50. Kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2, kwa siku 21 ni zaidi ya 25. Betri ya gari dogo aghalabu ni ya ampea-saa 35 hadi 45 ikiwa mpya, na joto la Oktoba na Novemba hapa Dodoma huizeesha upesi. Ongeza kifaa cha kufuatilia gari, kisicholala usiku wala mchana, na hapana la kushangaza. Anaposafiri tena afungue waya wa hasi, akumbuke kwamba rimoti haitafanya kazi na mlango utafunguliwa kwa ufunguo wa chuma, ambao katika gari la kitufe umefichwa ndani ya rimoti yenyewe. Wenye Prius waangalie zaidi, kwani katika nyingi betri ndogo iko nyuma, na buti halifunguki kwa umeme usiokuwapo. Ufunguo wa pili ukabidhiwe kwa mama mwenye nyumba, si kusafirishwa Dar es Salaam pamoja na wa kwanza. Magari mengi yaliyotumika huja na ufunguo mmoja tu. Wa pili uchongwe ungali huo mmoja upo, kwa sababu zikipotea zote gharama ni nyingine kabisa.

Swali lake la mwisho ni iwapo aing'oe imobilaiza isimsumbue tena. Wapo mafundi wanaobandika chipu ya ufunguo karibu na ile pete ya waya kwa gundi, gari likawaka kwa ufunguo wowote wa chuma. Simshauri, kwa kuwa kitakachomwia rahisi yeye asubuhi kitamwia rahisi mgeni usiku.

Barua ya mama wa Kikuyu juu ya tangi la maji linalovuja itajibiwa Jumapili ijayo.