Picha Thelathini na Sita: Kamera za Kale na Kumbukumbu ya Dodoma

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea ofisini kamera ya marehemu babu yake, Yashica nzito ambayo lenzi yake huzungushwa kwa mkono. Alikuwa ameagiza filamu kutoka Dar es Salaam kwa bei iliyomuumiza, akatembea nayo siku mbili, kutoka soko la Majengo hadi Mtumba, akapiga picha 36 tu. Nikamuuliza kwa nini ajitaabishe hivyo ilhali simu yake hupiga maelfu bila gharama. "Mwalimu," akajibu, "kwa kamera hii nalazimika kufikiri kwanza."

Hayuko peke yake. Kodak ilipoomba hifadhi ya mufilisi mwaka 2012, wengi walidhani filamu imezikwa. Lakini mwaka 2024 kampuni ya Ricoh ya Japani ilitoa kamera mpya ya filamu, Pentax 17. Wapo wanaosema huku ni kutamani ya kale tu. Mimi naona jambo zito zaidi: filamu huacha ushahidi unaoshikika.

Mkanda wa filamu hupakwa chembe zenye madini ya fedha. Mwanga ukizigusa hubadilika, na dawa ya kusafishia huyafanya mabadiliko hayo yaonekane. Kinachobaki ni negativu, kitu kisichohitaji nywila wala chaji ili kitazamwe. Ndiyo sababu tungali tunamwona Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964. Ndiyo sababu pia Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza huko Mji Mkongwe mwaka 1930, imetuachia sura za Unguja ya kabla na baada ya Mapinduzi.

Je, Dodoma yetu itaacha nini? Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 mji unabadilika mbele ya macho yetu. Tembe za Wagogo zinabomolewa, mashamba yanageuka viwanja. Migogoro ya ardhi ilichangia kuvunjwa kwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu mwaka 2017. Katika migogoro ya namna hiyo, picha yenye tarehe yaweza kuonyesha kuwa hapa palikuwa na nyumba, kisima na watu. Lakini picha zetu nyingi zimo ndani ya simu. Simu ikiibwa au ofisa akihamishwa, kumbukumbu huondoka naye.

Sisemi turudi nyuma. Filamu ni ghali, huungua mwanga ukipenya, na kwa miaka mingi kamera ilikuwa mali ya wachache. Wengi wa mababu zetu hawana picha hata moja. Wengine walipigwa na wageni bila kuulizwa ridhaa. Simu imemwezesha mkulima wa Bahi kuonyesha mwenyewe kisima chake kilichokauka, na hilo ni jambo la haki. Hata hivyo, uwezo wa kupiga picha si uwezo wa kuihifadhi.

Nawasihi watumishi wa umma: kila mwaka, kwa kila mradi, chagueni picha 36. Zichapisheni, andikeni nyuma yake mahali, tarehe na majina ya watu, kisha zitunzeni masjala, na nakala ziende Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Wanaharakati nao wafanye vivyo hivyo kabla tingatinga halijafika.

Katika filamu ya mwanafunzi yule, picha nne ziliungua. Mojawapo ya zilizosalimika ni ya tembe moja karibu na Mtumba, na bibi mwenye nyumba akiwa amesimama mlangoni. Mwezi uliofuata kijana alirudi kumpelekea nakala, akakuta tembe imekwisha kubomolewa. Alimpata bibi huyo kwa binti yake. Aliipokea picha kwa mikono miwili, akaitazama kitambo kirefu, kisha akauliza kama angeweza kupata nakala nyingine kwa ajili ya wajukuu.