Memori kadi: siri iliyofunguliwa nusu

Wadau, kila kijana anayejaribu kuunda kifaa chake cha elektroniki anagonga ukuta uleule. Anataka kifaa kiandike data kwenye kadi ya SD, anatafuta maelezo rasmi, anakuta kufuli. Kwa nini?

Kadi hii ilitangazwa mwaka 1999 na SanDisk, Toshiba na Matsushita, ndiyo Panasonic ya leo. Mwaka 2000 wakaunda SD Association, na maelezo kamili yakawa ya wanachama wanaolipa ada. Biashara hiyo!

Mwaka 2006 wakalegeza kamba: wakatoa toleo lililofupishwa, bure kwa kila mtu. Jamani, msilidharau kwa sababu ya jina. Njia ya SPI imo humo: nyaya nne za mawasiliano, umeme wa volti 3.3 (ukiipa 5 unaweza kuiua), unaanza na kasi isiyozidi kilohezi 400, unatuma CMD0, halafu CMD8, halafu ACMD41 mpaka kadi iwe tayari.

Sasa tatizo letu ni kunakili kodi za watu bila kusoma. Kodi iliyoandikwa kabla ya 2006 haijui CMD8, kwa hiyo kadi ya SDHC, yaani ya zaidi ya GB 2, inagoma. Mtu anailaumu kadi, anatupa hela kununua nyingine, nayo inagoma vilevile!

Kufuli la wakubwa lipo, sikatai. Ila nusu ya mlango iko wazi na wengi hatuingii. Mnasemaje wadau?