Tairi la kuchonga halimwokoi mkulima

MSIMU wa mvua unapoingia Nyanda za Juu Kusini, mkulima wa viazi wa Njombe huwa na maadui wawili. Wa kwanza ni ugonjwa wa ukungu shambani, na wa pili ni utelezi unaokwamisha lori kabla halijaiona lami. Kiazi kikishachimbwa hakisubiri. Magunia yakilala njiani yakinyeshewa, kinachofika sokoni Dar es Salaam ni uozo.

Ndiyo maana mafundi wa kuchonga matairi hawakosi wateja. Tairi likiisha kashata na kubaki kipara, fundi hupasha moto kisu na kuchimba mifereji mipya juu ya mpira wa zamani. Kwa gharama ndogo, mwenye lori huamini amepata tairi la kupandia mlima wenye matope.

Hoja yake inaeleweka. Fuso moja lina matairi sita barabarani, tairi jipya ni ghali na kokoto za vijijini hulila haraka. Hata hivyo, bei rahisi haifanyi jambo kuwa salama.

Ifahamike kwamba kuchonga chenyewe si kosa. Kampuni kubwa kama Michelin hutengeneza matairi ya lori yenye mpira wa ziada chini ya kashata kwa kazi hiyo hasa. Matairi hayo huandikwa ubavuni neno la Kiingereza "Regroovable", na huchongwa yakiwa bado na kashata za milimita chache, kwa kisu cha umeme kilichopimwa kina. Uingereza huruhusu matairi ya aina hiyo kwa malori mazito na kuyakataza kwa magari madogo.

Tatizo ni tairi lisilo na alama hiyo. Chini ya mifereji yake kuna tabaka jembamba tu la mpira, kisha nyaya za chuma. Kisu kikizikaribia, maji na mchanga hupenya, chuma hushika kutu na matabaka huanza kuachana. Kijijini hakuna atakayegundua, kwa kuwa lori hutambaa na tairi halipati joto. Hatari hujitokeza kwenye lami, mzigo ukiwa mzito na mwendo umeongezeka. Tairi la mbele likipasuka wakati lori linateremka Kitonga, kinachopotea si viazi pekee, bali pia dereva, utingo na walio kwenye gari linalopanda.

Cha kusikitisha zaidi, mifereji hiyo haisaidii sana hata kwenye matope. Tairi hushika tope likiwa na kashata kubwa zenye nafasi pana za kulitema. Mifereji myembamba hujaa tope mara moja, na tairi hurudi kuwa kipara.

Zipo njia bora zaidi. Ya kwanza ni kupunguza upepo kiasi kabla ya kuingia kwenye tope, ili tairi litanuke na kugusa ardhi kubwa zaidi. Jeshi la Marekani lilifanya hivyo katika Vita Kuu ya Pili kwa gari lake la DUKW, ambalo dereva aliweza kubadili upepo wa matairi akiwa kwenye usukani. Sharti lake ni kwenda polepole na kujaza tena kabla ya kushika lami, kwani tairi laini lenye mzigo hupata joto na kupasuka. Lori lenye breki za upepo tayari lina pampu yake; linahitaji mpira wa kujazia na kipimo tu. Njia ya pili ni kufunga minyororo kwenye magurudumu ya nyuma, na ya tatu ni kutopakia kupita kiasi.

Wakaguzi nao wasiishie kutazama mifereji, maana tairi lililochongwa huonekana jipya kwa macho. Wasome ubavu. Vyama vya ushirika na wanunuzi wanaokodi malori wafanye hivyo kabla gunia la kwanza halijapakiwa, na wakubali kulipa nauli inayotosha kununua tairi halali.

Aidha, halmashauri na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, wamwage changarawe kwenye miinuko inayojulikana kabla ya mvua, si baada ya malori kukwama. Mkulima anayelazimika kutegemea kisu cha fundi ili mazao yake yatoke kijijini ameachiwa mzigo usio wake.